Wakuu, mistari ya kwilti mnachorea nini? Chaki, sabuni au hizi kalamu za kufutika

Mama Viraka

Wakuu habari za mchana. Niko Dar, Tabata, nashona nyumbani. Zamani nilikuwa na magauni na sare za shule, sasa nimeingia kwenye kwilti, yale mashuka mazito ya viraka yenye pamba ndani, za vitenge na khanga, za watoto na zile kubwa za kitandani, na namshukuru Mungu oda zinakuja. Kuunganisha viraka sina shida nako kabisa. Shida yangu ni ile hatua ukishaweka kitambaa cha juu, pamba ya shiti katikati, kitambaa cha chini, sasa unataka upige mistari ya kubana tabaka zote tatu, hiyo mistari unaichorea nini ili ionekane wakati unashona halafu mteja asije kuiona?

Nimezunguka Kariakoo kila duka lina lake. Mmoja kaniambia chaki ya fundi inatosha usijisumbue, mwingine kanitolea kalamu ya bluu eti ukigusa maji tu imeondoka, mwingine ana ya zambarau inajifuta yenyewe na hewa. Halafu huko YouTube kuna mdada anatumia kalamu ya kuandikia, ile inayofutika kwa joto, anapitisha pasi mara moja mstari haupo. Kila mtu anasifia chake.

Kilichonileta hapa ni oda moja kubwa, juu ina kitenge cheusi, kuna vipande vyeupe vya kotoni na kuna khanga pia, kwa hiyo rangi moja haionekani kote. Na ni zawadi ya harusi inaenda Toronto, Kanada, ikishaondoka hairudi nikairekebishe. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Mzee wa Mkasi

Hongera kwa oda mwanangu. Mimi niko kwenye cherehani tangu enzi za suruali bwanga, sijawahi kununua kalamu ya kitambaa hata moja na nguo zinatoka safi. Chaki na sabuni, basi.

Ila kwenye chaki kuna jambo wauzaji hawasemi. Ziko mbili. Kuna ya udongo, hiyo inatoa vumbi, ukipangusa kwa brashi au kitambaa kikavu inaondoka. Na kuna ya nta, hiyo haitoi vumbi, inateleza, mstari wake una mng'ao kwa mbali. Ya nta imetengenezwa kwa ajili ya sufu, mafundi wa suti wanaipenda kwa sababu kwenye sufu ukipiga pasi inapotea. Sasa wewe uipeleke kwenye kotoni halafu upige pasi, nta inayeyuka inazama kwenye nyuzi na unabaki na alama ya mafuta ambayo hata uifue vipi inakutazama. Ukiwa dukani kwaruza kwa ukucha. Ikitoa unga ni ya udongo, ikijikunja chini ya ukucha ni ya nta, mrudishie mwenyewe.

Na chukua nyeupe. Hizo nyekundu na njano na bluu kwenye kitambaa cheupe zina tabia ya kuacha rangi, usije ukasema hukuambiwa.

Kwenye kitenge cheusi hakuna kinachoishinda sabuni. Chukua sabuni ya mche nyeupe, kile kipande kilichobaki chembamba, kiache kikauke kabisa, kisha kwangua ukingo kwa kisu mpaka uwe mkali. Mstari unatoka mweupe mwembamba, na ukifua ndio umeondoka, si sabuni hiyo. Usichukue za kuogea zile zenye mafuta ya kulainisha ngozi, hayo mafuta ndio unayoyakimbia.

Kijana wa Temeke

Nimekaa paleee nasubiri watu wa kalamu waje kujitetea

Pindo Mbili

Watu wa kalamu tumefika mkuu, na nitakuwa muwazi maana mimi nazitumia zote na nyingine nazitumia kwa tahadhari kubwa.

Mama Viraka, ukiniuliza mimi, usinunue kitu chochote kwa kuangalia kinavyochora. Vyote vinachora. Muulize muuzaji mstari unaondokaje, kwa maji, kwa hewa, kwa joto au kwa kupangusa, halafu jiulize wewe: huo mstari unatoka kwenye kitambaa au unajificha tu? Hapo ndipo kwenye mambo yote.

Tuanze na ya bluu, ya maji. Ni nzuri sana kwenye kitambaa cheupe na rangi za mwanga, inaonekana vizuri mpaka raha. Ila ina masharti mawili ambayo hata wauzaji wenyewe hawajui. La kwanza, pasi isiiguse kabla hujaitoa. Joto linaigandisha, bluu inageuka kahawia na hapo ndio imehamia kwenye kitambaa. Na joto sio pasi peke yake, usiiache kwenye gari limefungwa juani pale nje. La pili, itoe kwa maji baridi matupu, bila sabuni ya unga. Dawa zilizomo kwenye sabuni zinaweza kuigandisha vile vile. Baada ya maji matupu ndio unafua kawaida.

Na kutoa maana yake kulowesha, sio kunyunyizia. Watu wengi wanachukua chupa ya kupulizia maji, wanapuliza, bluu inapotea mbele ya macho, wanapiga picha wanatuma kwa mteja. Sasa ukiangalia kwa karibu, lile tone la maji linaisukuma rangi pembeni na chini, inaingia kwenye pamba ya katikati. Kitambaa kinakauka kuanzia juu, rangi inapanda tena, kesho yake unakuta duara la bluu limefifia pale ulipopuliza. Kwilti yote iingie kwenye beseni, maji ya baridi, ibonyezwe, maji yamwagwe, yawekwe mengine.

Ya zambarau, ya hewa, kwa Dar mimi siishauri kwa kazi kubwa. Unyevu wa hewa ndio unaoifanya ipotee haraka, na hewa yetu unaijua, hasa masika. Unachora, unapokea simu, unageuza chapati, ukirudi nusu ya mistari haipo. Kwa kuweka alama ya kifungo au mahali pa kukunja ni safi. Kwilti ya kitanda utachora mara ngapi? Na nayo pasi isiiguse kabla haijaisha.

Mama Viraka

Aisee. Hiyo ya kupulizia ndiyo hasa yule wa dukani alinielekeza. Na ile ya joto je? Maana ndiyo iliyonivutia, haitaki maji wala kusubiri.

Pindo Mbili

Hiyo nimeiacha makusudi kwa sababu umesema Toronto.

Ile kalamu, wengi wanaijua kwa jina la FriXion ya Pilot, imetengenezwa kwa ajili ya karatasi. Wino wake ukifika kama nyuzi joto 60 unapoteza rangi, ndio maana ukisugua na kale kampira inafutika, lile joto la msuguano ndilo linalofuta. Pasi hali kadhalika. Lakini wino hauendi popote! Uko pale pale kwenye nyuzi, umezimika tu. Ukipata baridi kali, kuanzia kama nyuzi 10 chini ya sifuri kushuka, unaanza kuwaka tena.

Hapa Dar hutakaa uuone, baridi hiyo tutaitoa wapi. Sasa peleka kwilti Toronto, Januari, ikae kwenye buti la gari usiku, au kwenye kontena la mizigo. Bibi harusi anafungua zawadi anakuta michoro yako yote, mpaka pale ulipokosea hesabu ya inchi ukachora upya.

Kama huamini, chora kwenye kipande, piga pasi mpaka uone hakuna kitu, weka kwenye mfuko, tia kwenye friza uiache usiku kucha. Friza iliyo nzima inafika nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi utaona mwenyewe. Na kwenye vitambaa vyeusi kuna lingine, ukishafuta inaacha mstari mweupe mweupe kama kivuli, wakati mwingine hata kufua hakuutoi.

Kijana wa Temeke

Daah kumbe wino unalala tu. Nimeenda kuangalia kalamu ya mtoto wa shule nimetia daftari kwenye friza, wife ananiangalia

Fundi Nusu Inchi

Mimi naona mnachora sana. Kwilti ya mistari iliyonyooka unachora mstari MMOJA tu, mingine cherehani inaifuata.

Kuna kale kachuma kamepinda kanachomekwa nyuma ya mguu wa cherehani, cherehani nyingi za nyumbani zinakuja nacho kwenye kile kiboksi cha vifaa watu wanakitupa hawajui kazi yake. Unakichomeka, unakipima, tuseme inchi mbili kutoka kwenye sindano, unashona mstari wa kwanza uliouchora, wa pili unakifanya kile kichuma kitembee juu ya mstari wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili, unakwenda hivyo mpaka ukingoni. Hakuna chaki, hakuna wino, hakuna friza. Ila mstari wa kwanza unyooke kweli kweli maana ukienda upogo yote inakwenda upogo, na kila baada ya mistari kadhaa weka rula uhakikishe hujaanza kuhama.

Kama cherehani yako haina hako kachuma, nenda maduka ya rangi ununue ile tepu ya karatasi wanayobandika mafundi wa kupaka rangi magari. Bandika, shona pembeni yake kwa kuigusa bila kuitoboa, bandua, sogeza. Kipande kimoja kinabandikwa mara kadhaa kabla gamu haijachoka. Sharti lake usiiache ikalala juu ya kitambaa. Joto la huku gamu inalainika inabaki kwenye kotoni, halafu inaokota vumbi na nywele. Ukiamka kwenda kula, bandua kwanza.

Mzee wa Mkasi

Hapo kwenye tepu umesema kweli kijana. Ila hicho kichuma kwenye kwilti nene kinanasa kwenye mishono ya viraka, hasa pale pembe nne zinapokutana.

Fundi Nusu Inchi

Kinanasa ukikikandamiza chini mzee, kiinue kidogo kiwe kinaelea. Na mishono ipigwe pasi ilale kwanza kabla hujaweka tabaka, hilo ni la lazima hata kama huna kichuma.

Dada wa Mbagala

Mbona hamjataja kukwaruza? Wajapani wana kidude kinaitwa hera, ni plastiki ngumu yenye ukingo wa mviringo, unakivuta pembeni ya rula kinaacha mkunjo kwenye kitambaa, huo mkunjo ndio mstari wako. Hakuna rangi yoyote hivyo hakuna cha kutoa. Ukishashona ukafua umeondoka wenyewe.

Mimi sinacho, natumia mgongo wa kisu cha mezani, kile butu kisicho na meno, na rula ya chuma. Kotoni inashika mkunjo vizuri mno, polista haishiki, inarudi ilivyokuwa kabla hujafika mwisho. Weka kitambaa kwenye meza ngumu, kandamiza mara moja, usirudie rudie utakichubua.

Siri yake ni taa. Taa ikiwa darini juu yako huoni kitu, utasema nimekudanganya. Ishushe iwe pembeni, mwanga uje wa kulala, hapo kila mkunjo unatupa kivuli na unaona mistari yote mpaka mwisho wa meza. Kwenye vile vipande vyako vyeupe ingekuwa jambo la kwanza mimi kujaribu. Kwenye kitenge chenye maua mengi usijisumbue, jicho linapotea.

Mama Viraka

Jamani nyinyi mko wapi siku zote. Kisu cha mezani ninacho. Sasa kwenye khanga? Na kuna kona nne nataka nizungushie duara duara, sio mistari tu.

Pindo Mbili

Kwenye khanga kwa nini uchore wakati wachoraji wa khanga wameshakuchorea? Fuata pindo. Fuata ukingo wa mji, ile sehemu ya kati iliyozungukwa na pindo. Kama katikati kuna korosho au ua kubwa, shona kwa kulizunguka kwenye ukingo wake, ukigeuza upande wa chini unakuta umbo lote limejitokeza kwa uzi tu, ndio upande ninaoupenda mimi. Pale kwenye jina, yale maneno, pita nje ya kisanduku chake, usikatishe mistari juu ya herufi. Mtu wa Toronto atataka asome.

Fundi wa Stensili

Kwa maduara njoo kwangu.

Tafuta plastiki ngumu inayoona, faili la ofisi au filamu ya eksirei ya zamani iliyooshwa. Chora duara zako, kata kwa kisu chembamba mfereji mwembamba, ukiacha vidaraja hapa na pale plastiki isije ikaanguka vipande. Hiyo stensili utaitumia mpaka uichoke.

Sasa kuna njia mbili, upitishe chaki au sabuni ndani ya mfereji, au upige unga. Ponda chaki nyeupe ya ubaoni iwe unga laini, tia kwenye soksi kuukuu safi, funga fundo. Laza stensili, usiipigepige soksi, ipake kwa kuiburuta kidogo, unga unashuka kwenye mifereji. Inua plastiki moja kwa moja kwenda juu bila kuiburuza. Inatoka mistari safi, na kwenye nyeusi inapendeza kweli. Kuna watu wanatumia unga wa mahindi au wa ngano, mimi hapana, sisi tunaishi na sisimizi.

Ubaya wa unga ni kwamba feni ikiwaka umekwisha. Chora kona moja, shona hiyo kona, ndio uende nyingine.

Na kama kitambaa kinakutelezea ukichora, gundisha msasa ule laini kabisa wa seremala kwenye ubao, laza kitambaa juu yake. Hakihami hata kidogo. Hii ni kabla hujaweka pamba, ukishapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka zote tatu, msasa hauna kazi.

Kijana wa Temeke

Mimi sishoni lakini naomba kuuliza, penseli ya kawaida ina ubaya gani? Peni je?

Mzee wa Mkasi

Peni usiipeleke karibu na meza hiyo kabisa. Wino wa peni ukishaingia kwenye kitambaa ni kazi kuutoa. Kaboni paper ya ofisini ndio usiseme, ile ya bluu inapaka mpaka mikono.

Penseli watu wametumia miaka na miaka huko kwenye asili ya kwilti, na inafaa kwenye kitambaa cheupe ukichora kwa mkono mwepesi kabisa, nukta nukta, na risasi iwe ngumu, H au HB. Ile laini ya kuchorea picha, 2B kwenda juu, inapaka uzi wako unakuwa wa kijivu. Ila ukikandamiza haitoki yote. Mimi naiweka mwisho, wakati huna kingine.

Dada wa Mbagala

Bado mnaongea kana kwamba vitambaa vyote ni kimoja. Mama Viraka kabla hujagusa ile kubwa, chukua makombo ya vitambaa VYOTE vilivyomo, cheusi, cheupe, khanga, kila kimoja. Shona kakwilti kadogo ka ukubwa wa daftari, na pamba ile ile utakayotumia na kitambaa kile kile cha chini. Chora kila kitu unachofikiria kutumia, andika pembeni kwa uzi kipi ni kipi. Kiache siku kadhaa kama kazi halisi itakavyokaa mezani, maana alama inayotoka baada ya dakika tano sio lazima itoke baada ya wiki mbili. Kisha kifue utakavyofua, kikauke, ndio upige pasi.

Na vitambaa vifuliwe kabla ya majaribio. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, alama inakaa juu ya ule wanga inaondoka vizuri, unafurahi, ukija kwenye kilichofuliwa inazama.

Fundi Nusu Inchi

Hapo umemaliza. Naongeza kimoja tu, pasi ya mkaa usiitumie kwenye majaribio wala kwenye kazi, joto lake hulipangi na jivu likianguka kwenye nyeupe hiyo ni alama nyingine.

Mama Viraka

Nimesoma zote mpaka mwisho. Nilivyoamua ni hivi: nyeusi nachora kwa sabuni ya mche, nyeupe nakwaruza kwa kisu na taa ya pembeni, khanga nafuata pindo na ua la katikati, kona nne nakata stensili ya faili na soksi ya chaki. Mistari mirefu ya kuvuka kote nitaitafuta ile tepu ya wapaka rangi. Kalamu ya bluu nitabaki nayo kwa kwilti za watoto nyeupe, na hiyo ya joto siitaki. Swali la mwisho, nachora yote kwanza halafu nashona, au nachora nashona nachora nashona?

Mzee wa Mkasi

Kwa sabuni na chaki chora kipande ushone. Kwilti ya kitanda unaikunja unaiviringisha chini ya mkono wa cherehani, kila ukiigeuza inasugua, ukifika upande wa pili mistari imeshapanguka. Anza katikati ya kwilti uende nje, usianzie ukingoni, kitambaa kitajikusanya katikati.

Pindo Mbili

Na ikiisha uifue wewe mwenyewe hapa hapa, uitundike kivulini uikague mchana kwenye mwanga wa jua, pande zote mbili, kabla hujaifunga. Usimwachie mteja kazi ya kutoa sabuni. Halafu hiyo khanga kama ni nyekundu, uliifua peke yake kabla ya kuikata?

Mama Viraka

Ni nyekundu. Bado sijaikata. Naenda kuitia kwenye beseni sasa hivi.